Khabari za Kuongezeka na Kupungua kwa Watu na Wanyama katika Nchi za Handeni na Korogwe



Nimetakiwa niseme maneno machache juu ya miaka iliyopita. Wengine wamekwisha kusema khabari za makanisa na shule, na majina ya waliotutangulia, hayo sitayarudia. Mimi nataka kusema juu ya jambo ambalo huandikwa mara chache katika vitabu vya sikukuu kama hiki, nalo ni hesabu: watu wa nchi hii walikuwa wengi lini, walipungua lini, na kwa sababu gani, na wanyama vilevile, wa kufugwa na wa mwituni, kwa maana mambo haya mawili hayatengani. Mtu akiuliza kwa nini hapa pana pori na pale pana mashamba, na kwa nini kijiji hiki kina ng'ombe na kile hakina, sehemu kubwa ya jibu imo katika hesabu hiyo.

Neno langu ni moja, nami nitalisema tangu mwanzo ili mpate kulipima kwa kila mfano nitakaoutoa. Watu husema, "Nchi ya Handeni ni kavu, ina mbung'o, ina njaa, ndiyo maana watu wake walikuwa wachache." Mimi nasema kwamba tukifuata mambo yalivyotokea, tutaona kinyume chake: watu walipungua kwanza, na desturi zao za kutunzana zikavunjika, ndipo pori na mbung'o na njaa vikakaa mahali pao.

Basi, kwanza tufahamu jinsi hesabu inavyobadilika. Kila kundi, likiwa la watu, au la mbuzi, au la tembo, ni kama boma lenye milango minne. Miwili ni ya kuingilia, nayo ni kuzaliwa na kuhamia. Miwili ni ya kutokea, nayo ni kufa na kuhama. Hakuna mlango wa tano. Mtu akisema kwamba kijiji fulani kimekua, au kwamba swala wamekwisha, sharti aulizwe: ni mlango gani uliofunguliwa, ni mlango gani uliofungwa, na nani aliyeufungua au kuufunga? Maana pengine watu huona kijiji kimejaa wakadhani kwamba akina mama wanazaa kuliko zamani, kumbe wanazaa pungufu, ila watoto hawafi tena kama walivyokuwa wakifa.

Tena viumbe havizai kwa namna moja. Nzige jike hutaga makumi ya mayai kwa mara moja katika udongo, wala hawaangalii watoto wake. Mvua ikimfaa, nchi hufunikwa kwa muda mfupi, na miaka ikipita huenda asionekane hata mmoja. Panya hubeba mimba majuma matatu tu. Tembo hubeba mimba karibu miezi 22, akazaa mtoto mmoja, akakaa miaka minne au mitano kabla ya kuzaa tena. Kwa hiyo tembo waliouawa katika mwaka mmoja hawarudishwi kwa miaka mingi. Na mbung'o, ajapokuwa mdudu mdogo, anafuata njia ya tembo kuliko ya nzige. Jike lake halitagi mayai, bali huzaa buu mmoja mmoja kila siku tisa au kumi, akiwa amekwisha kumlisha tumboni mwake. Naye buu hujifukia katika udongo wenye kivuli. Basi mbung'o akikatiwa kivuli, tena akikosa damu ya ngiri na mbawala na nyati, hupungua, wala hawezi kurudi upesi. Likumbukeni hili, kwa kuwa mambo ya Handeni yanasimama juu yake.

Padre mmoja wa Uingereza, Thomas Malthus, aliandika mwaka 1798 kwamba watu wakiachwa huongezeka kwa kuzidishwa, bali chakula huongezeka kwa kujumlishwa tu, hata watu wakipita kiasi cha chakula chao, njaa na maradhi na vita huwarudisha nyuma. Maneno yake yamesomwa na watu wengi, na kweli imo ndani yake. Wanyama wa porini huishi chini ya sheria hiyo kila siku. Lakini kuna mambo mawili ambayo hayakutokea kama alivyodhani. La kwanza, watu walipata mbegu mpya, na mbolea, na dawa, na vyakula vikaongezeka kuliko alivyotazamia. La pili, hakuuliza sana kwa nini ukame ule ule huua watu katika nchi moja, na katika nchi ya jirani huwakondesha tu. Sisi tutauliza, kwa sababu katika nchi yetu ndilo swali lenyewe.

Sasa tuingie katika nchi yetu. Katika miaka ya 1830 njaa kuu iliingia Uzigua. Watu wengi walikwenda pwani kutafuta chakula, na wengi wao, ama kwa kuuzwa ama kwa kudanganywa, walipakiwa katika majahazi wakapelekwa kaskazini, hata bandari za Somalia. Huko walifanyishwa kazi ya mashamba. Wengine wakakimbia mabwana zao, wakakaa katika misitu ya mto Juba, wakalima, wakazaa, na lugha yao ya Kizigua hawakuiacha. Vita vilipovunja nchi ya Somalia mwaka 1991, baadhi ya wajukuu wa watu wale walikimbia wakaja Tanzania, wakapokewa Handeni, kwanza Mkuyu, baadaye Chogo. Na baadaye walianza kupewa uraia wa nchi ambayo babu zao walitoka. Ndugu zangu, tazameni jinsi mlango wa kuhama unavyoweza kufunguka kwa njaa ya mwaka mmoja, na usifungwe kwa zaidi ya miaka 160.

Hata hivyo nchi haikubaki tupu. Katikati ya karne ya 19 Uzigua ilikuwa na vijiji vingi, na mashamba yalikuwa yamezunguka vijiji, na nje ya mashamba palikuwa na malisho. Watu walifuga ng'ombe na mbuzi. Kila mwaka walifyeka, walichoma majani, waliwinda ngiri na nguruwe mwitu walioharibu mazao yao. Kwa kazi hiyo mbung'o na kupe walikaa mbali, ng'ombe wakaishi. Tena wakubwa wa vijiji waliweka akiba ya nafaka, na mwaka wa njaa ukija waliwalisha watu wao. Maana heshima ya mkubwa ilikuwa ni wingi wa watu waliomtegemea. Sisemi kwamba nchi ilikuwa peponi. Biashara ya watumwa ilipita Pangani na Saadani, bunduki zilikuwa nyingi, na baada ya kufa kwa Kimweri ya Nyumbai, mfalme wa Usambara, mwaka 1862, vita vilizidi, na waliokaa kando ya mto Ruvu karibu na Korogwe walijenga vijiji vyao visiwani katikati ya maji kwa ajili ya usalama. Mara nyingi mnyonge aliyelishwa na mkubwa aliulipa mkate ule kwa uhuru wake au kwa mtoto wake. Lakini neno moja ni hakika: ghala ilikuwapo, na mtu mwenye njaa aliujua mlango wa kubisha.

Mambo haya yalivunjika katika miaka kumi na miwili tu, tangu 1888 hata 1900 hivi. Kwanza vilikuja vita vya pwani, Abushiri na Bwana Heri wa Saadani walipopigana na Wadachi, 1888 hadi 1890. Kisha sotoka. Ugonjwa huu uliingia Afrika upande wa Eritrea katika miaka ya mwisho ya 1880, pamoja na ng'ombe walioletwa kwa meli, ukashuka kusini, na kabla ya kwisha kwa karne ulikuwa umefika Afrika Kusini. Mahali pengi katika ng'ombe 100 walifariki 90 na zaidi. Nyati, nyumbu, pofu na twiga nao walikufa. Mwaka 1894 nzige walifuata, na mvua ikakosa, na njaa ikakaa hata 1896. Ikaja tena 1898 hadi 1900, na ndui pamoja nayo. Funza naye aliingia wakati ule ule. Mdudu huyu asili yake ni Amerika. Alivuka bahari kwa meli kutoka Brazil akashuka Angola mwaka 1872, akapita bara lote katika miguu ya wasafiri, na katika miaka ya 1890 alikuwa amefika pwani yetu. Watu wasiojua jinsi ya kumtoa waliharibika vidole hata wasiweze kwenda shambani. Hivyo mdudu mdogo kuliko kiroboto alipunguza chakula cha nyumba nzima.

Lakini nisikilizeni hapa. Ukame na nzige walikuwapo zamani pia. Kitu kilichokuwa kipya ni kwamba ghala haikuwapo. Wakubwa waliokuwa wakiweka akiba walikuwa wamepoteza ng'ombe zao, na biashara yao, na mamlaka yao. Nafaka ilitwaliwa kulisha askari na misafara, ikauzwa ili kupata fedha, na tangu mwaka 1898 kila nyumba ilitakiwa kodi. Mkubwa asiye na kitu hawezi kumlisha mtu, na mtu asiyelishwa haoni sababu ya kukaa. Ndipo watu wakatawanyika, wengine pwani, wengine mlimani, wengine katika mashamba ya Wazungu, na wengi wakafa njiani.

Na sasa mbung'o. Wengi hudhani kwamba yeye ndiye aliyewafukuza watu. Tufuate mpango wa mambo. Sotoka ilipowaua nyati na ng'ombe, mbung'o naye alikosa damu, na katika nchi nyingi za Afrika alipungua sana, hata mahali pengine alitoweka kwa muda. Kama watu wangalikuwapo kwa wingi wao katika miaka ile, wakafyeka na kuchoma na kulisha mbuzi zao, nchi ingalibaki safi. Lakini watu hawakuwapo. Mashamba yakaota vichaka. Katika vichaka ngiri na nguruwe mwitu na mbawala wakaongezeka, kwa kuwa mnyama aliyepona sotoka huzaa upesi kuliko mwanadamu. Na mbung'o, akiwa amepata kivuli na damu, akarudi polepole kijiji kwa kijiji. Ng'ombe walipoletwa tena walikuta nchi ina wenyewe: mbung'o juu ya ngozi zao na kupe wa ndigana katika majani. Hivyo pengo moja likawa mapengo matatu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Vita Kuu ya kwanza ilikuta nchi ikiwa katika hali hiyo. Juni 1916 majeshi ya Waingereza yalipita Korogwe na Handeni, yakiwafuata Wadachi kwenda kusini. Pande zote mbili zilichukua wapagazi na chakula, na maelfu na maelfu ya wapagazi walikufa kwa kazi na maradhi. Askofu wa Zanzibar wa siku zile, Frank Weston, yeye mwenyewe aliongoza kikosi cha wapagazi kutoka Unguja mwaka 1916, akitembea nao ili wasitendwe kama wanyama. Baada ya vita ikaja homa kuu ya mafua ya 1918 na 1919, iliyoua mamilioni duniani pote. Katika miaka ya 1920 na 1930 mbung'o alizidi kuenea Handeni, na njaa ilirudi mwaka 1925, tena 1932 hadi 1935 pamoja na nzige. Mtu aliyezaliwa Handeni mwaka 1890 akafika umri wa miaka 45 alikuwa ameona njaa kuu nne au tano. Si ajabu watoto wa watu wale walidhani kwamba pori lile limekuwapo tangu kuumbwa kwa dunia.

Korogwe, iliyo jirani, ilikwenda njia nyingine, na tofauti yao yatufundisha. Mwaka 1893 Mdachi mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ilipofika pwani ya Pangani ilibaki hai 62 tu. Kutoka katika miche ile 62 ulitoka mkonge wa nchi nzima, na huu nao ni mfano wa uzazi! Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakajipanga kando yake. Basi mlango wa kuhamia ukafunguka. Walikuja manamba kutoka mbali, Wanyamwezi, Waha, Wabena, Wamakonde, na watu wa Ruanda na Urundi. Hesabu ya watu wa Korogwe ikapanda, wala si kwa kuzaliwa hasa, kwa maana kambi zilijaa wanaume na wanawake walikuwa wachache. Na kule walikotoka manamba, mashamba yalikosa mikono, na mama wengi walikaa miaka bila waume zao. Kila anayeingia kwa mlango wa boma moja ametoka katika mlango wa boma jingine. Bei ya mkonge ilipoanguka katika miaka ya 1960, kwa sababu ya kamba zilizotengenezwa viwandani, kazi ilipungua. Lakini wengi wa watu wale hawakurudi kwao. Wamekuwa wenyeji, na wajukuu wao wamo katika makanisa na misikiti yetu.

Sasa nageukia habari ya kupanda kwa hesabu, ambayo ndiyo habari ya maisha yetu wenyewe. Mkoa wa Tanga, ambao Handeni na Korogwe zimo ndani yake, ulikuwa na watu karibu 771,000 mwaka 1967. Mwaka 2012 walihesabiwa 2,045,205, na mwaka 2022 walihesabiwa 2,615,597. Tanzania yote ilikuwa na watu zaidi ya milioni 12 mwaka 1967, na mwaka 2022 ilikuwa na watu 61,741,120. Kati ya hesabu mbili za mwisho nchi iliongezeka watu 3.2 kwa kila 100 kila mwaka. Walimu na wawafundishe watoto kanuni hii nyepesi: gawanya 70 kwa kiasi cha maongezeko katika kila 100, utapata karibu idadi ya miaka ambayo kundi litakuwa maradufu. Sabini kwa 3.2 ni miaka 22. Mtoto anayeanza shule leo, nchi ikiendelea hivyo, ataona watu maradufu kabla hajafika umri wa miaka 30.

Ni mlango gani uliobadilika? Si kuzaliwa. Mwaka 1992 mama wa Tanzania alizaa, kwa wastani, watoto 6 na zaidi kidogo. Mwaka 2022 walikuwa chini ya 5. Mlango uliofungwa, au tuseme uliosindikwa, ni mlango wa kifo cha watoto. Mwaka 1999, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walikufa kabla ya kufikisha miaka mitano. Mwaka 2022 walikuwa 43. Chanjo, maji safi, wakunga waliofundishwa, na chandarua, ndivyo vilivyofanya kazi hii. Hapa Korogwe tunao ushahidi wetu wenyewe. Katika kijiji cha Mkokola waganga walipima damu za watoto na vijana: mwaka 2003, katika kila 100, karibu 78 walikuwa na vijidudu vya malaria, mwaka 2008 walikuwa 13. Tena Korogwe ilikuwa miongoni mwa mahali 11 katika Afrika ambapo chanjo ya malaria ilijaribiwa tangu 2009 hata 2014, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali chanjo ile itumike. Mama wa vijiji vyetu waliopeleka watoto wao katika majaribio yale wamewafaa watoto wa bara zima, wala majina yao hayakuchongwa katika jiwe lolote.

Wanyama nao wana habari yao ya kupanda na kushuka. Sotoka iliyotuharibu ilishindwa kwa chanjo iliyotengenezwa Muguga, nchi ya Kenya, na Walter Plowright na wenzake. Na mwaka 2011 ulimwengu ulitangaziwa kwamba ugonjwa huo umekwisha kabisa duniani, nao ndio wa pili kufutwa hivyo baada ya ndui. Tazameni lililotokea Serengeti. Ng'ombe walipochanjwa, nyumbu hawakuambukizwa tena. Nao walikuwa kama 260,000 mwaka 1961, na kabla ya mwaka 1980 walipita milioni moja. Kisha wakaacha kuongezeka, kwa kuwa majani ya kiangazi hayakutosha zaidi ya hapo. Hiyo ndiyo sheria ya Malthus, ikifanya kazi yake mahali pasipo ghala. Tembo waliona kinyume chake: mwaka 2009 walihesabiwa Tanzania karibu 109,000, na mwaka 2014 walibaki kama 43,000, kwa ajili ya majangili na tamaa ya pembe. Mnyama anayezaa mtoto mmoja kwa miaka minne au mitano hawezi kushindana na bunduki. Na mbung'o wa Unguja alimalizwa katika miaka ya 1990, kwa kuachia katika hewa madume yaliyofanywa tasa. Kwa kuwa jike hupandwa mara moja kwa kawaida, aliyekutana na dume tasa hakuzaa. Yeye azaaye kidogo hufutika, akiwa adui akiwa rafiki.

Basi katika Handeni ya leo pori linarudi nyuma tena. Linakatwa kwa mashamba, na kwa makaa yanayopelekwa mijini. Wafugaji wameingia na ng'ombe wengi. Na tangu Juni 2022 jamaa nyingi za Wamasai zilihamia Msomera, wilaya ya Handeni, kutoka Ngorongoro. Serikali ilisema kwamba wanahama kwa hiari yao. Wengine walilalamika kwamba sivyo, na kwamba nchi waliyopewa ilikuwa na wenyewe. Sikuja hapa kuamua shauri hilo. Nataka tu mwone kwamba boma letu, lililokuwa na pengo miaka mia iliyopita, sasa linajaa kwa milango miwili kwa pamoja, wa kuzaliwa na wa kuhamia. Babu zetu waliumia kwa uchache. Watoto wetu wanaweza kuumia kwa wingi, ikiwa wingi huo hautakuwa na mpango. Na pale mkulima na mfugaji wanapogombana kwa ajili ya kisima, kila mmoja humwona mwenzake kuwa ndiye sababu, bali sababu ni kwamba wengi wameingia katika boma moja pasipo mtu wa kugawa nafasi.

Tufanye nini? Nina maneno manne, nayo ni ya kazi za mikono yetu wenyewe.

La kwanza ni kuhesabu na kuandika. Mwaka 1538 makanisa ya Uingereza yaliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko. Makarani waliandika kwa uvivu na kwa bidii, kila mmoja kwa tabia yake. Lakini mwaka 1981 wataalamu wawili, Wrigley na Schofield, walitoa kitabu walichokijenga juu ya madaftari ya mitaa 404, wakaonyesha jinsi watu wa nchi ile walivyoongezeka na kupungua tangu 1541. Sisi nasi tuna madaftari. Ndani ya kurasa zile, ambazo mahali pengine zinaliwa na mchwa, mna miaka ya ndui, na miaka ya njaa, na mwezi ambao watoto wengi walizikwa. Si watu wote wamo, maana nchi hii ina Waislamu wengi na wengine walioishi mbali na kanisa. Hata hivyo yaliyomo hayapatikani pengine. Kila mtaa na uyatafute madaftari yake, uyatoe mahali penye unyevu, uyaweke katika kasha la bati, na mwalimu pamoja na wanafunzi wakubwa wayanakili.

La pili ni ghala. Nimekwisha kusema kwamba njaa ya 1894 iliua kwa sababu ghala ilikuwa tupu kabla mvua haijakosa. Yusufu alijua jambo hili Misri. Mtu wa Handeni anayeuza mahindi yake yote mwezi wa Agosti kwa bei ndogo, akayanunua mwezi wa Februari kwa bei kubwa, anarudia kosa ambalo babu zake walilazimishwa kulitenda, naye halazimishwi. Kila kijiji na kiwe na ghala yake na watunzaji wanaotoa hesabu mbele ya watu.

La tatu ni nyumba zetu. Baba na mama na wakae pamoja wafikiri juu ya watoto watakaowalea, na shamba watakalowagawia. Watu walizaa wanane zamani kwa sababu walizika wanne. Mtoto akiwa na chandarua na chanjo, hakuna haja ya kumwekea mwingine badala yake. Tena msichana aliyesomeshwa hata mwisho wa shule huolewa baadaye, na watoto wake hufa wachache. Basi anayemtoa binti shuleni amwoze anafungua milango miwili kwa mara moja, wa kuzaa mapema na wa kuzika.

La nne ni mipaka ya pori. Babu zetu hawakuumaliza msitu. Waliuzuia usiingie kijijini, wakauachia mahali pake. Tukikata wote, tutaondoa mbung'o kweli, bali na vijito vitakauka. Wazee wa kijiji, wakulima na wafugaji, na waketi pamoja kabla ya kiangazi, waseme: hapa ni pa kulima, hapa ni pa kulisha, hapa hapaguswi. Watu waliokubaliana kabla ya ukame huupita ukame. Wanaongoja mpaka kisima kikauke hukutana wakiwa na marungu mikononi.

Wapenzi, katika miaka mia na zaidi nchi hii imepita katika njaa na maradhi na vita, na tena imejaa watu. Walioirudisha hali yake ni waliofyeka, waliozaa, waliolea, waliochanja, na waliompokea mgeni wakampa mbegu. Sisi tunapokea nchi iliyojaa. Kazi yetu si ile ya kuziba pengo, ni ya kugawana nafasi kwa haki. Walimu, nawaombeni mwanze na madaftari, kwa kuwa hayo ni mepesi na yapo. Nanyi wazee mnaokumbuka majina ya njaa za zamani kama mlivyoyasikia kwa mama zenu, semeni sasa kijana mmoja ayaandike, kabla hamjatoka ninyi nanyi kwa mlango ule ambao kila mtu hutoka.